Umeulaza Mkanda?

Mtu aliyetufundisha kutunza mikanda hakuwahi kuvaa mkanda. Suruali yake aliifunga kwa kamba ya mkonge, fundo moja ubavuni, na ukimtania kwamba anatembea na kamba kama mbuzi wa Idi alikujibu bila kutabasamu kuwa mkanda ni kitu cha kazi, na tumbo lake lilishastaafu. Sisi tulimwita Mzee wa Mikanda. Jina lake la kwenye kitambulisho nililijua baadaye sana na sitaliandika hapa, maana yeye mwenyewe aliliona ni la kuonyesha maofisini tu. Hili tulilompa ndilo alilolivaa kila siku, na alilivaa kwa maringo.

Nieleze ni mikanda gani, msomaji asije akadhani nazungumzia mashine ya kusaga. Sisi ni watu wazima wa Nguvumali, hapa Tanga, tunaoshindanisha magari ya rimoti. Ndiyo, watu wazima, na hatuoni haya. Mimi nina saluni. Mwenyekiti wetu, Fundi Simu, kazi yake iko kwenye jina lake. Kila Jumapili alasiri tunakutana kwenye sakafu ya saruji ya ghala kuukuu lisilo na paa, tunapanga vipande vya bomba viwe kona, na tunakimbiza vigari visivyozidi urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka vidole. Wanaokuja kutucheka huishia kusimama na kushangilia.

Magari ya wenzangu yote huzungushwa kwa gia na shafti. Langu peke yake, lililokuja kwenye mzigo wa mtumba, linatumia mkanda mwembamba wa mpira, wenye meno madogo kwa ndani, uliopita katikati ya chasisi kutoka nyuma mpaka magurudumu ya mbele. Mkanda ukikazwa sawasawa halina kelele, na likitoka kwenye kona linafyatuka kuliko yote. Tatizo ni kwamba mkanda wa aina hiyo hautengenezwi tena. Gari lilikuja na ule uliokuwemo na mmoja wa akiba, basi. Wote wawili wakikatika, gari bora kuliko yote Tanga linakuwa pambo la kabati.

Mzee alitufikia kwa kelele za gari langu. Alikuwa anatoka kwenye kahawa, sisi tuko katikati ya mazoezi, akasimama nje ya ukuta uliobomoka na kupaza sauti kama anaita watu ng'ambo ya mto.

"Hicho kigari kinalia! Nani kakikaza hivyo?"

Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika marahaba huku anaingia, macho yakiwa kwenye gari.

"Kinalia ndiyo mwendo wake," Fundi Simu akamwambia.

"Mwendo gani, yakhe? Mkanda umekabwa, hauna pumzi. Lete bisibisi."

Sijui kwa nini nilimpa. Labda kwa sababu hakuomba. Alikaa chini juu ya saruji, akabonyeza mkanda katikati kwa kidole, akatikisa kichwa, akalegeza vishikizo vya mbele kidogo sana, akabonyeza tena. Mkanda ulipozama kiasi cha unene wa ukucha, akanirudishia gari. Nikaliwasha. Halikulia tena, na kwenye mstari ulionyooka liliondoka kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona. Mzee alijipiga kifua. Wiki nzima kila aliyepita barazani kwake alisimuliwa habari hiyo, na kila siku kasi ya gari iliongezeka.

Miaka yake ya kazi aliimaliza kwenye mashamba ya mkonge, kwenye korona. Nasema korona ile mashine kubwa inayokwangua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi. Kuna ugonjwa ulikuja kuchukua jina hilo, na jambo hilo linamkera mpaka leo. "Ulimwengu mzima huu," alikuwa akisema, "ugonjwa umekosa jina mpaka uje uchukue la mashine yetu?" Yeye alikuwa mtu wa mikanda pale, ile mipana ya ngozi na turubai, mirefu kuliko nyumba, iliyotoa nguvu kwenye injini na kuipeleka kwenye mashine. Korona ilimwachia sikio moja tu linalosikia, na hilo nalo kwa taabu. Kwa hiyo alisikiliza kwa mikono. Ukitaka akuambie gari lina nini, unaliinua magurudumu yakiwa hewani, unaliwasha, naye anaweka kiganja juu ya chasisi na kufumba macho. Sisi wote tunanyamaza, kana kwamba kelele zetu zingemwingia kiganjani.

Huko kwenye korona ndiko alikolitoa neno lake. Zamu ikiisha, alituambia, mkanda ulishushwa kutoka kwenye puli usiachwe umevutika usiku kucha, kwa sababu mkanda unaokesha umevutika huchoka hata kama mashine imezimwa. Kuushusha huko walikuita kuulaza. Nyapara hakuuliza kazi imekwendaje. Aliuliza, "Mkanda umelala?" Mzee akahamishia desturi hiyo kwenye kigari changu. Kila tulipomaliza mbio, kabla hujafuta jasho, kabla hujajibu nani kashinda, swali lilikuwa lilelile.

"Umeulaza mkanda?"

Unalegeza vishikizo mpaka mkanda uning'inie kidogo. Unaupiga mswaki mkavu, jino kwa jino. Unaweka alama ya kalamu kuonyesha unakozungukia, ili ukiutoa siku nyingine usiurudishe kinyume. Na gari haliachwi juani juu ya kiti cha pikipiki kama ndizi za kuivisha. Ukisahau lolote katika hayo, hakugombi. Anaulaza yeye, polepole, mbele ya watu, na anauliwaza kama mtoto aliyepigwa. Ilikuwa afadhali kugombwa.

Kwenye kuendesha pia alikuwa na lake. Mimi nina mkono mzito. Nikiona mtu mbele yangu nafyatua gari kwa nguvu zote. "Uombe mkanda, usiuamrishe," alikuwa akiniambia. "Ukiuanza kwa hasira unaula meno." Nilijifunza kusukuma kidole taratibu, kisha nguvu, na breki hivyohivyo. Wateja wangu wa saluni walisema hata kuchana nywele nikaanza kuchana kwa upole. Hilo sikulikubali wala sikulikataa.

Asidhani mtu kwamba alikuwa malaika. Baiskeli yake ililia kuanzia mwanzo wa mtaa mpaka mwisho, cheni imekauka ina kutu, na ukimwambia aitie mafuta alikukata: "Hiyo ni cheni. Mimi ni mtu wa mikanda." Alihubiri kupumzika lakini yeye hakujua kukaa: adhana ikilia alitusimamisha sote, mikanda ilazwe, watu wakaswali, na akirudi alikuwa wa kwanza kushika bisibisi. Sifa alizibania. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akiniambia nimeendesha vizuri. Akiridhika alisema, "Si haba," kisha akaangalia kwingine.

Kosa la kwanza kwenye mkanda lilikuwa letu. Kabla Mzee hajatuzoea, Fundi Simu aliupaka mkanda mafuta ya nazi ili uwe laini. Mzee alifika, akanusa, akakunja uso.

"Nani kauunga mkanda huu?"

Fundi Simu akaficha mikono mgongoni.

"Nauliza, huu ni mkanda au ni samaki wa nazi? Mpira ukinywa mafuta unavimba. Na mchanga wote wa Tanga utakuja kula hapa."

Tulicheka mpaka tukakaa chini, Fundi Simu akaondoka na jina la Mpishi kwa muda mrefu. La pili lilikuwa letu sote, naye akiwemo. Uwanja tuliufagia kwa chelewa, kama kila mtu afagiavyo. Nani angefikiri ufagio ni adui? Siku moja nikakuta kipande cha kijiti cha chelewa, chembamba kama sindano, kimelala kati ya mkanda na puli, kimeanza kutoboa. Mzee alikataa kwanza. Chelewa imefagia majumba yetu tangu enzi, alisema, haiwezi kuwa mkosaji. Jumapili iliyofuata alikuja kimyakimya na gunia la katani lililoloweshwa, akaliburuta uwanja mzima. Gunia likaacha nyuzi, nyuzi zikajizungusha kwenye ekseli. Alipoziona alicheka peke yake: "Mkonge huu! Umenifuata mpaka huku." Mwisho uwanja ulisafishwa kwa kanga yangu kuukuu iliyolowa maji, na mpaka leo ndiyo inayotumika.

Lakini kosa kubwa lilikuwa lake. Kule kwenye korona mikanda ya ngozi ilipakwa dawa ya kunata, yenye nta, ili isiteleze kwenye puli. Alikuwa anajua kuipika. Siku moja alikuja na kikopo chake, uso unang'aa, akaupaka mkanda wangu yeye mwenyewe kwa kidole, akasema sasa tutaona mbio. Kweli tuliziona, kwa raundi chache. Nta ikakamata kila chembe ya mchanga, mchanga ukasaga meno, na mkanda ukanyolewa ubavu mmoja wote kama nimeupitishia mashine ya saluni. Gari likasimama katikati ya uwanja, mota inavuma, magurudumu hayaendi.

Mzee aliuchukua mkanda ule, akaukagua kwa muda mrefu. Fundi Simu alitaka kusema kitu cha mzaha, nikamkanyaga mguu.

"Ule wa korona unashika kwa ngozi," Mzee akasema hatimaye. "Huu unashika kwa meno. Nimemlisha uji mtu mwenye meno yake."

Hakujitetea zaidi ya hapo. Alikwenda nao nyumbani akautundika sebuleni, juu ya kalenda, ili kila aingiaye auone na aulize, naye asimulie alivyouua. Mtu anayejisifu kiasi kile kutundika kosa lake ukutani! Mimi heshima yangu kwake ilianzia hapo hasa.

Sasa tulibaki na mkanda mmoja. Na wakati huohuo klabu moja ya Dar es Salaam, watu wenye magari mapya na masanduku ya spea, ilikubali kuja kushindana nasi Nguvumali. Fundi Simu alitaka gari langu tulifungie ndani mpaka siku hiyo. Mzee akasema mkanda usiofanya kazi nao huharibika, gari likimbie kila Jumapili kama kawaida. Tukabishana. Ndipo aliposimama katikati ya uwanja, kamba yake ya mkonge inaning'inia, akatoa ahadi mbele ya wote.

"Huu uliobaki ukikatika kabla wageni hawajaondoka, msiniite tena Mzee wa Mikanda. Niiteni Mzee tu. Wazee wako wengi Nguvumali."

 Tulijua hana kitu kikubwa kuliko jina hilo cha kuweka rehani.

Kabla wageni hawajafika, kifua kikaanza kumsumbua. Ngazi mbili za barazani zikawa safari. Binti yake, mwalimu wa shule huko Maramba, alikuja kumchukua, naye akapanda gari akiwa amenuna kama anayepelekwa jela. Dirishani alinionyesha kidole chake, akakibonyeza hewani: kiasi cha ukucha. Niliitikia kwa kichwa. 

Tangu hapo, kila Jumapili alasiri simu yangu ililia. Ilikuwa simu ya binti, sauti ilikuwa ya Mzee.

"Umeulaza mkanda?"

Kisha anakata. Mara ya kwanza nilikasirika, nikapiga tena. Binti akanieleza kwamba sikio lililobaki nalo limeaga, hasikii chochote kwenye simu, kwa hiyo haoni sababu ya kungoja jibu. Nikamwomba amfikishie yeye. "Nimejaribu, dada," akasema. "Anasema habari ya mkanda haipokewi kwa mtu wa kati." Basi nikawa naulizwa kila Jumapili na sijibu, na kila Jumapili naulaza.

Wageni walikuja, watu wazuri tu, wacheshi, walileta hata maji ya kunywa ya kugawana. Walipoona mkanda wangu walitazamana. Kiongozi wao aliniuliza kwa adabu kama nina uhakika nataka kukimbia nao. Nilimwambia mkanda huu una mwenyewe, na mwenyewe kasema utakimbia.

Tulivuka mchujo. Kabla ya fainali nikafungua gari, nikaona jino moja limechanika pembeni.  Fundi Simu aliliona pia.

"Kaza kidogo," akaninong'oneza. "Ukiwa umelegea utaruka meno pale pale. Kaza, tumalize hii moja, liwalo na liwe."

Nilishika bisibisi. Maneno yake yalikuwa na akili, na mimi nilitaka kumaliza kuliko kitu chochote. Nikabonyeza mkanda kwa kidole. Ulizama kiasi cha ukucha. Nikabonyeza tena nikitumai utanipa jibu jingine, ukazama vilevile. Nikairudisha bisibisi mfukoni.

"Haukazwi," nikamwambia. "Kosa si la mkanda. Mkosaji atakuwa kidole changu."

Fainali ile niliendesha kama ninayembeba mgonjwa. Niliomba kila kona, sikuamrisha hata moja. Gari la kiongozi wao lilikuwa mbele, na sikuwa na matumaini ya kulipata, lakini waliobaki nyuma hawakunikaribia. Katika raundi ya mwisho nikasikia jino limetoka, tak, kisha tak nyingine kila mkanda ulipozunguka. Tak, tak, tak, mpaka mstari wa mwisho. Wa pili! Nilipiga vigelegele kama aliyeshinda. Kiongozi wa wageni alikuja kunipa mkono, akauomba mkanda aushike, akauliza umekimbia tangu lini. Nilipomwambia, aliita wenzake waje wauone. Mimi nilikuwa tayari nimepiga magoti nalegeza vishikizo, na simu mfukoni inalia.

Hiyo sikuipokea. Siku ya pili nilifunga saluni, nikalifunga gari kwenye kanga, nikaenda Maramba.

Niliposhuka niliwauliza bodaboda kwa Mzee wa Mikanda ni wapi. Wakanielekeza sokoni kwa kijana anayeuza mikanda ya suruali. Nikauliza dukani, hawamjui. Nikauliza kwenye kahawa, hawamjui. Ilinichoma. Mtu ambaye kwetu mtaa mzima ulimjua kwa jina hilo, hapa hakuna aliyewahi kulisikia. Mwishowe nilipotaja binti yake, mama mmoja akasema, "Aa, unamtaka Babu wa kwa Mwalimu!" akanionyesha nyumba.

Nilimkuta kwenye kibaraza anapukuchua mahindi, amekonda, kamba ya mkonge imezunguka kiuno mara mbili badala ya moja. Nikamshika mkono, nikamwamkia kwa kelele. Aliona midomo yangu, akaitika. Hakuniuliza kitu. Aliogopa, nadhani. Alitazama furushi la kanga kama mtu anayetazama bahasha ya majibu ya hospitali.

Nikalifungua, nikamwekea gari mapajani. Alipapasa katikati ya chasisi, kidole kikaukuta mkanda, akaubonyeza. Uliteremka wote, laini, bila ubishi.

"Umelala," akasema.

Kisha akaufuata jino kwa jino mpaka akafika penye pengo. Kidole kikasimama. Akaniinulia macho. Nikamwonyesha kwa mikono: mstari wa mwisho, bendera, vidole viwili. Wa pili. Akauzungusha mkanda wote akitafuta ulipokatika, hakupaona. Akaomba bisibisi, akaukaza kiasi cha ukucha, akanipa ishara. Nikaliinua gari na kuliwasha. Akaweka kiganja, akafumba macho, na gari likaimba lile tak lake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Si haba," akasema. Lakini safari hii hakuangalia kwingine. Alinitazama mimi, macho yamejaa maji, na mimi nikalia bila kujificha.

Yule mama aliyenielekeza alikuwa amekuja nyuma yangu na majirani wengine, wamevutwa na sauti ya mota. "Kwani Babu naye anajua haya magari?" akaniuliza.

Nikageuka, na kwa kuwa nilitaka Mzee naye asikie, nikapaza sauti kadiri kifua changu kilivyoweza.

"Huyu si Babu wa kwa Mwalimu tu! Huyu ndiye Mzee wa Mikanda!"

Kuku waliruka. Mtu alitoa kichwa dirishani ng'ambo ya njia. Mzee alinyoosha mgongo, akaweka sawa fundo la kamba yake, akaweka kiganja nyuma ya sikio, na nikaona kabisa kwenye pembe ya midomo yake kwamba amenielewa.

"Sema tena, mwanangu," akasema. "Sikusikia."

Nikasema tena.